Moshi Usio na Bibi Harusi

Mwezi uliopita nilimpeleka mjukuu wangu kwa daktari hapa Kawangware, upande wa Kabiro, ninakoishi na binti yangu tangu magoti yaanze kunigomea. Msichana alikuwa amejikunja kwenye benchi, mikono tumboni, sweta ya shule ameifunga kiunoni ili doa lisionekane. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye haraka zake, lakini alipoanza kuuliza alituliza kalamu. Je, damu hutoka kwa mabonge? Huamka usiku kubadilisha? Huona kizunguzungu? Hukosa shule? Mjukuu wangu alijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Kisha daktari akanigeukia mimi.

"Shosho, kwa familia yenu kuna mwingine alikuwa anatoka damu hivi?"

"Mimi," nikasema. "Na mama yangu mzazi."

Akaandika. Akatueleza kwamba damu nyingi namna ile si ya kuvumiliwa, kwamba ziko familia ambazo damu huchelewa kuganda, na kwamba kuna vipimo na kuna dawa. Mjukuu wangu akaanza kulia. Hakulia kwa maumivu. Alilia kwa sababu mtu alikuwa amemwamini. Nakijua kilio hicho kwa kuwa nami nilikilia Kibra, zamani za Mwingereza, nikiwa nimekaa juu ya shimo la moshi. Tangu siku hiyo ya daktari namtamani nyanya yangu kwa namna ambayo pengine mtu wa umri wangu angeona haya. Sioni haya. Namtaka tu.

Tulimwita Haboba, kama Wanubi wote wanavyomwita nyanya, naye alikuwa mama mzazi wa mama yangu. Mume wake alikuwa askari, katika wale askari wa Kisudani ambao serikali iliwapa ule msitu wa Kibra wakae baada ya kuwatumia ilivyotaka. Nyumba zilikuwa za udongo, moja hapa, nyingine kule, na katikati mahindi, ng'ombe na miti. Watu wakiniambia leo kwamba Kibra ilikuwa na nafasi ya mtu kupotea huku anatafuta mbuzi, huwa nawaambia mimi nilipotea. Yetu ilikuwa na chumba kimoja cha kulala na jiko nyuma. Mama yangu alifariki siku aliyonizaa. Baba alioa tena Uganda akakaa huko huko, na kaka yake, Baba Mkubwa, ndiye aliyekuwa na sauti juu yangu. Mimi nililala kitanda kimoja na Haboba, miguu yangu ikitafuta joto la miguu yake.

Nilipovunja ungo nilifurahi kwa muda mfupi sana. Mwezi wa kwanza ulipita vizuri. Miezi iliyofuata ilinilaza chini. Maumivu yalianzia kiunoni, yakashuka mapajani, yakapanda tena yakaniletea kutapika. Na damu, sijui niseme nini. Tulichana gurbaba kuukuu, zile shuka tulizojifunga wanawake wa Kinubi, tukazikunja mara nne, na bado nilikuwa nikisimama kwa kuogopa kigoda nilichokalia. Chuoni, tulikosomea Kurani, niliwahi kuanguka mbele ya wenzangu. Mwalimu akafikiri nina njaa, akanipa tende.

Majirani walikuwa na majibu yao tayari. Huo ndio uanamke. Kila mtu amepitia. Ukizaa itaisha. Kuna mmoja aliyesema nadeka kwa kuwa nimelelewa na nyanya, na mpaka leo nikimkumbuka nakunja uso, Mungu amrehemu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wale walinihesabia kunguni wangu bila hata kukigusa kitanda.

Haboba peke yake ndiye hakuniambia nivumilie. Nilidhani ni upole tu. Siku moja, nikiwa nimelala upande wa ukutani nimeuma mkono ili nisipige kelele, nilimwuliza kama nitakufa. Akakaa kitandani akaniambia jambo ambalo sikuwahi kuambiwa.

"Mama yako alikuwa hivi hivi," akasema. "Mimi nilimwambia avumilie. Wakasema mume ndiyo dawa, nikakubali. Akaolewa bado mdogo. Akakuzaa wewe, na damu ikakataa kusimama. Wewe sitakupa hiyo dawa."

Akainuka, akachukua jembe, akaenda kuchimba kona ya jiko.

Hapa inabidi nieleze dukhani. Ni moshi wa kuogea. Unachimba shimo dogo, unaweka makaa na vipande vya mgunga wenye harufu, juu yake unatandika mkeka uliokatwa tundu, na mwanamke anakaa hapo amejifunika blanketi zito mpaka shingoni. Anatoka jasho mpaka mifupa inalegea. Ngozi inakuwa laini, inapata rangi ya dhahabu, na ile harufu inamkaa siku nyingi. Lakini dukhani si ya kila mtu. Ni ya bibi harusi anayeandaliwa, na ya mwanamke mwenye mume. Msichana hakai moshini. Mjane hakai moshini, kwani anajipamba kwa ajili ya nani?

Haboba alinikalisha. Joto lilipanda, likanishika kiuno kama mikono, na yeye mwenyewe akawa nyuma yangu akinisugua mgongo kwa mafuta ya simsim. Damu haikupungua, nisiseme uongo. Lakini maumivu yalilegea, yakaniachia nafasi ya kupumua. Hapo ndipo nililia. "Lia," akaniambia. "Najua inauma."

Kosa letu lilikuwa moja. Tulikumbuka kufunga mlango, tukasahau kwamba moshi hautumii mlango.

Kesho yake asubuhi tulisikia vigelegele njiani. Majirani walikuja wamevaa vizuri, na mmoja ameshika kahawa. "Bibi harusi yuko wapi?" wakauliza. "Mbona mnatuficha? Tumesikia harufu mpaka kisimani." Haboba akawakaribisha, akawapa kahawa yao wenyewe, akageuza maneno kwenye mvua na ng'ombe. Wakaondoka wakichekeana. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na lile letu lilikuja kabla ya adhuhuri, limevaa kanzu na kushika bakora.

Baba Mkubwa hakukaa. Alisimama mlangoni, nao wale majirani wakarudi polepole nyuma yake, kila mmoja akijifanya amesahau kitu.

"Nasikia moshi iko hapa," akasema. "Kama huyu msichana ako tayari, mbona sijaambiwa? Kuna mtu ananiuliza yeye tangu mwaka jana. Mtu mzima, ako na duka ya nyama."

Nilikuwa nimesimama karibu na kitanda, na harufu ilikuwa imejaa ngozini mwangu. Akisogea hatua moja tu, ataisikia. Mtu huyo mwenye duka la nyama nilimjua. Alikuwa na wake wawili na meno machache. Lakini si yeye niliyemwogopa. Niliogopa kufa kama mama, na nilimwona Haboba naye ameogopa hivyo hivyo, mkono wake umeshika ukingo wa meza.

"Moshi ni yangu," akasema.

"Yako?"

"Yangu. Kwani mimi nimekufa?"

Kicheko kikapasuka pale nje. Baba Mkubwa akatazama chini kama mtu aliyefungua mlango wa bafu kwa bahati mbaya. "Na huyu mbona ananuka?" akauliza, lakini nguvu zilishamwisha.

"Amenisugua mgongo. Unataka nani anisugue, wewe?"

Akaenda zake bila kuaga. Alikuwa mtu mkali, lakini mbele ya mama mkwe wa ndugu yake, na mambo ya mgongo wa mama mkwe, hakuna ukali unaosimama.

Basi Kibra nzima ikapata mchezo. Mjane mzee anakaa moshini! Wakamwita bibi harusi kisimani, wakamwimbia nyimbo za kuposa akipita na kuni. Naye kwa kuwa alishasema ni wake, ilibidi akae kweli, la sivyo wangemnusa wasisikie kitu. Kila mwezi siku zangu zilipokaribia alichimbua shimo, akakaa yeye kwanza, kisha mimi. Mchana alininunulia maini akinipata nimekuwa mweupe midomoni. Jioni alinisugua. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye alikuwa mzazi mara mbili.

Jambo ambalo hakulipangia ni kwamba moshi ulifanya kazi yake. Uso wake ulilainika. Mikono yake iliyopasuka kwa kusuka vitanga, zile sinia za ukindu, ikapata ile rangi ya dhahabu. Siku moja nilimkuta ameinama juu ya sinia ya shaba iliyosuguliwa, anajitazama, na aliponiona akaanza kuisugua tena.

Palikuwa na mzee mmoja, mjane pia, aliyekuwa mpiga tarumbeta jeshini. Bado alitembea kama aliyesikia amri. Kila alasiri alipita kwetu akienda msikitini. Baada ya ile habari ya moshi alianza kupunguza mwendo kwenye ua. Kisha akaanza kusalimia. "Salaam aleikum, nyumba yenye harufu nzuri." Haboba alijibu kutoka ndani, na sauti aliyojibia sikuwahi kuisikia kwake. Ilikuwa sauti ya msichana. Baada ya muda mzee akamtuma dada yake na sukari na majani ya chai yaliyofungwa kwenye kitambaa cheupe, na maana yake haikuhitaji kuelezwa.

Usiku huo Haboba alijipaka hina miguuni. Asubuhi akarudisha sukari.

Nilikasirika. Nilimpenda yule mzee, alinifundisha kupiga mluzi kwa majani ya mahindi. Nikamwambia Haboba kwamba anaogopa vicheko vya watu.

"Vicheko vya watu nimevizoea," akasema. "Nikiolewa, wewe hutakaa kwa nyumba ya mwanamume mgeni. Baba yako Mkubwa atakuchukua, na siku hiyo hiyo utapelekwa kwa yule wa nyama. Mzee atangoja. Akichoka, basi."

Mzee hakuchoka. Hilo ndilo linaloniuma hata sasa, bora angechoka. Kila mwezi harufu ilitoka jikoni, ikamkuta njiani, naye akapunguza mwendo. Alidhani mwanamke yule anajipamba na bado hamtaki. Ndani, mwanamke yule alikuwa amepiga magoti nyuma yangu, mikono yake kiunoni mwangu, na aliposikia zile hatua nje mikono ilisimama kidogo. Kisha iliendelea. Nilikuwa nasikia yote kupitia mgongo wangu.

Nilikua. Hedhi yangu ilipungua ukali kadiri miaka ilivyokwenda, ingawa haikuwahi kuwa rahisi. Niliolewa nimeshakuwa mtu mzima, na mtu niliyemtaka mwenyewe, dereva wa lori mpole kuliko lori lake. Nilipomzaa binti yangu Haboba alikaa kitandani akinishika mkono mpaka damu iliposimama, na ilipochelewa alimfokea mkunga mpaka akamwita daktari. Nikapona. Yule mzee wa tarumbeta hakuyaona hayo. Alizikwa masika ya mwaka nilioolewa, baada ya homa fupi. Haboba alipeleka chakula cha matanga kwenye kitanga alichokisuka mwenyewe, na hakukirudia.

Mwaka huo huo wa kujifungua nilikwenda kumtembelea bila kumwambia, mtoto mgongoni. Nilikuwa bado kwenye mahindi nikasikia harufu. Mgunga. Nikaharakisha, nikifikiri amempata msichana mwingine wa kumsaidia, maana alikuwa na moyo huo. Jikoni hapakuwa na msichana. Alikuwa peke yake juu ya shimo, blanketi shingoni, macho kwenye mlango ulioachwa wazi.

"Haboba, unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi moshi ni ya nani?"

"Ni yangu," akasema.

Adhana ya alasiri ilikuwa imeanza. Watu walikuwa wakipita kwenye ua kwenda msikitini, na hakuna aliyepunguza mwendo. Nikamlaza mtoto kwenye mkeka, nikachukua mafuta ya simsim, nikapiga magoti nyuma yake nikamsugua mgongo.