Chini ya Kibandiko cha Bei

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mjukuu wangu, nikiwa nyuma ya kaunta ya duka letu la Olbalbal, huko Umasaini, najiona mjanja kuliko wafanyabiashara wote wa Karatu. Kesho nakukabidhi funguo za maduka, na nasikia umeshachapisha vibandiko vipya vya njano. Basi kaa kwanza unisikilize.

Wakati ule nilikuwa na maduka matatu: la Karatu, la Malambo na hilo la Olbalbal. Watu walishangaa tunawezaje kuuza bei chee namna ile, wakati majirani zetu wanalia na bei za jumla. Siri yenyewe ilikuwa ndogo na chafu. Nilikuwa nashuka Arusha kununua mizigo iliyokaribia kuisha muda, na mingine ilikuwa imeshaisha. Kisha nikawafundisha wauzaji wangu wote jambo moja: kibandiko cha bei hubandikwa juu ya tarehe. Sikuwaambia kwa nini. Nao hawakuuliza, kwa sababu walijua.

Asubuhi hiyo akaingia Naseriani, mke wa mfugaji mmoja wa huko, mteja wetu wa sukari na majani ya chai. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, mtoto mgongoni. Ng'ombe wao hawakuwa na maziwa tena kwa ukame, na yake mwenyewe yalikuwa yamekatika. Akachukua kopo la maziwa ya unga ya watoto wachanga, akaligeuzageuza, akakwangua ukingo wa kibandiko kwa ukucha.

"Mama, hapa chini pameandikwa nini?"

"Bei ya zamani, yeyo," nikamjibu, nikimwita mama kwa lugha yao. "Tumekupunguzia."

Akatabasamu, akanishukuru kwa Kimaasai, akaondoka. Hakujua kusoma, mwanangu, lakini aliuliza. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, maana nilipewa nafasi ya kusema kweli, nikaiona, nikaiacha ipite.

Zilipita kama wiki tatu. Akarudi na lile kopo, mgongoni hana mtoto. Kibandiko kilikuwa kimebanduliwa. Akaliweka juu ya kaunta taratibu, kama mtu anayerudisha chombo alichoazima.

"Muuguzi amenisomea," akasema. "Wewe uliniambia ni bei."

Mtoto alikuwa ameharisha siku nne, akafa. Naseriani hakunitukana wala hakudai chochote, na mimi nilitamani anitukane. Nikaanza kulia, nikamwomba anitajie jina la mtoto nikamwombee kanisani.

"Jina lake halitajwi tena."

Kwao jina la marehemu halitamkwi. Nilikuwa nimewauzia watu wale vitu miaka yote hiyo na hata hilo sikulijua. Nikaenda kwa muuguzi nikitafuta pa kujificha. Akasema huenda ni maziwa, huenda ni maji ya bwawani, hawezi kuapa. Nimeishikilia hiyo "huenda" hadi uzeeni, na haijanipa usingizi hata siku moja. Nikaenda kwa padri kuomba misa. Akafungua daftari, akashika kalamu, akaniuliza tumwombee nani. Nikainuka nikatoka, mstari ukabaki mtupu.

Mizigo ile niliichoma yote, ya maduka yote matatu. La Malambo likafa kabisa, na haya mawili yalichukua miaka kusimama tena. Wewe uliyakuta yamesimama, ukadhani bibi yako alizaliwa mwaminifu.

Sasa sikia. Kuuza rahisi si dhambi, na watu wa huku wanalihitaji duka la bei chee kuliko wa mjini. Punguza faida yako, punguza mapambo ya duka, nunua kwa wingi, bishana na wauzaji wa jumla hadi wakuchoke. Lakini tarehe iache wazi. Asiyejua kusoma msomee kabla hajauliza. Kilichoisha muda kichome, hata kama kitakufilisi. Na hivyo vibandiko vyako vya njano nimevipenda, ila kesho asubuhi utanionyesha mwenyewe unavibandika wapi.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Akupe wateja wengi na watoto wao wakue, uwaone wakija dukani kwa miguu yao wenyewe. Na akuepushe na kuulizwa jina la mtu usilolijua, kalamu ikikungoja.