Chaki Kwenye Kitambaa cha Baibui

Mwaka ule miguu ilikuwa imeanza kunigomea. Nikifika soko la vitambaa la Zhongda, kule Guangzhou, China, asubuhi nilikuwa nimeshachoka, na duka hata moja sijaingia. Nilikuwa nanunua kitambaa cha mabaibui, nakituma Dar, nauza Kariakoo. Kazi hiyo imenilisha na imemsomesha binti yangu, sina haki ya kuitukana. Ila nilikuwa nimeichoka, tena sana, na mpango wangu ulikuwa mmoja tu: binti amalize chuo huko Japani, arudi nyumbani, aanze kusafiri badala yangu. Mimi nikae dukani, ninywe chai, nigombane na wateja.

Likizo ile alikuja Guangzhou kunitembelea, nikamchukua sokoni aanze kuzoea. Sikumwambia kwamba ndiyo sababu.

Kichina mimi nakisema, cha kununulia vitu, lakini kusoma sijui hata mlango wa choo. Yeye kusema hawezi, ila alama zile anazisoma, kwa kuwa Wajapani walizichukua kwa Wachina zamani wakazipa sauti zao. Akiona bango anajua linahusu nini, lakini akilitamka Mchina haambulii kitu. Basi tukatembea hivyo, yeye macho, mimi mdomo. Nilifurahi mno. Nilijiona nimeshastaafu.

Tulipofika kwa laoban wangu, yule mama wa Kichina ninayenunua kwake miaka yote, nikaomba kiti kabla ya salamu. Nikamwambia huyu ni binti yangu, anasoma Japani. Yule mama akachukua chaki ya fundi cherehani, akaandika alama juu ya kipande cha kitambaa cheusi. Binti akasoma, akaandika jibu. Mwenye duka akaliangalia, akacheka.

“Kuna nini?” nikauliza.

“Ameniuliza nafanya nini huko, mama. Nimeandika nasoma. Kumbe alama zilezile kwao ni kujilazimisha. Anauliza nani ananilazimisha.”

“Mwambie ni mama yako.”

Wakaendelea. Mmoja anaandika, mwingine anafuta kwa kiganja na kuandika juu yake, hapa wanaelewana, pale wanatikisa vichwa na kujaribu alama nyingine. Mimi nimekaa na majora yangu, na wivu ulinishika. Bei ya chini kabisa ya yule mama naijua, lakini sikuwa najua kama ana watoto. Binti yangu alijua kabla chai haijapoa.

Kisha mwenye duka akanigeukia, uso umemkunjuka, akaniambia kwa Kichina, “Hongera, rafiki. Kampuni ya Kijapani imemchukua, anabaki kulekule moja kwa moja. Wangu mimi yuko nyumbani na simu yake tu.”

Nilimwangalia mtoto wangu. Alikuwa anatabasamu, hajaelewa hata neno moja, hajui kwamba siri aliyoiandika pale imenifikia.

“Najua,” nikamjibu yule mama. Niliumia. Niliumia kwamba harudi nyumbani, na niliumia zaidi kwamba mgeni ameambiwa kabla yangu.

“Anasemaje?” binti akauliza.

“Anasema una mwandiko mzuri.”

Akainamisha kichwa, akaanza kukifuta kile kitambaa, akakifuta na pale palipokwisha kuwa safi. Mwenye duka akauliza mwezi huu nataka mzigo kiasi gani. Nilikuwa nimekusudia mzigo mkubwa, wa kumpa mtu pa kuanzia. Nikaagiza ule wa kawaida.

Tulipotoka nje binti akanishika mkono. “Mama, kuna jambo nataka kukuambia.” Sauti ilikuwa ile ya udogoni, alipokuwa akivunja kikombe.

“Tule kwanza,” nikasema.

Nilijua atakachosema, na nilijua nitamjibu hongera, maana ilikuwa hongera kweli. Lakini akishasema tu, itakuwa ni mimi tena wa kuzunguka huku, mwaka huu na mwaka ujao, na miguu hii hii. Tukaingia kwenye mgahawa wa Waislamu wanaouza tambi. Nikaagiza bakuli kubwa, nikala polepole kuliko nilivyowahi kula maishani mwangu.