Mwanvita na mashine isiyo na mjomba

Saa moja kasoro asubuhi, Mwanvita Dadi anaingia mtaa wa Bigwa akitokea milimani kwa Waluguru wenzake, tenga la karoti na njegere kichwani, mikono yote miwili ikiwa huru. Mmoja unawapungia watu, mwingine unamfukuza mbuzi anayemnyemelea.

Ana miaka arobaini na mmoja. Mteremko ni wa saa mbili, mzigo kilo ishirini na tano, na kazi hii aliianza akiwa na miaka kumi na sita.

"Wenzangu wana pikipiki. Mimi nina hii," anasema, akijipiga shingoni.

Ndiyo maana mwaka jana alikonda kwa mawazo. Alikutwa na uvimbe kwenye shina la ulimi, ambako mkono wa mtu haufiki kirahisi. Kwa njia ya zamani, huenda wangepasua taya na shingo. Angepona, ila kubeba kichwani asahau.

Hospitali moja ya Dar es Salaam ilikuwa na njia nyingine: roboti yenye mikono myembamba inayopitia mdomoni, shingo isiguswe. Mwanvita alikubali papo hapo. Aliyegoma ni mjomba wake, Mzee Abeid, na kwa Waluguru jambo zito halipiti bila mjomba.

"Daktari akikosea, nitakwenda kwao, nikae na wajomba zake tuyamalize," mzee aliwaambia madaktari. "Hiyo mashine wajomba zake ni nani?"

Hakuna aliyecheka. Daktari bingwa, Jesca Severin, alimwamkia shikamoo, akampeleka ilipo mashine na kumkalisha kwenye kiti chake mwenyewe cha kuiendeshea.

"Shika hapa, mzee wangu."

Mzee akasogeza kidole, mkono wa chuma ukasogea. Akaachia, ukatulia.

"Kumbe haina akili yake, inakufuata wewe! Haya, mwanangu, kwenu wapi?"

"Mahenge, mzee."

"Napajua." Akatia saini fomu ya upasuaji.

Uvimbe ulitoka wote, na haukuwa saratani. Wiki sita Mwanvita hakubeba hata ndoo. Siku aliyorudi njiani, alilia kwa furaha mteremko mzima.

"Nilifika chini, karoti hata moja haijadondoka. Nilijivuna, sikufichi!"

Akitimiza hamsini, anataka awe na genge lake la mboga hapa Bigwa, wabebaji wa milimani wamshushie yeye. Kabla ya hapo haachi.

"Kutua mzigo nitatua, mwili unazeeka," anasema. "Lakini siku hiyo nitaichagua mimi."