Walipoacha Kutembea Pamoja

Dobi wa hospitali na mumewe, fundi rangi, walikwenda kazini kwa miguu tangu walipooana. Walitoka alfajiri, wakapanda kilima, wakateremka mpaka njia panda, na hapo kila mmoja akashika njia yake. Nyumbani kulikuwa na watoto, mama mkwe na kelele zisizokwisha. Maneno yao ya mke na mume waliyasemea njiani.

"Punguza mwendo, mke wangu," fundi alizoea kumtania. "Shuka za wagonjwa hazina miguu, hazitakukimbia."

"Na kuta zako zitakungoja mpaka uote mvi?"

Kisha treni mpya ikafika mtaani. Watu waliifurahia, na walikuwa na haki: usingizi uliongezeka, viatu vikadumu. Ila treni ya dobi iliondoka mapema, ya mumewe baadaye, tena upande mwingine. Ikawa mke anaaga akiwa mlangoni, mume anaitikia kutoka kitandani. Jioni wote walirudi hoi.

Kumbe fundi pumzi zilikuwa zikimpungua. Ndani ya treni aliketi kama wengine, nani angejua? Asubuhi moja, akipanda ngazi za stesheni na ndoo ya rangi mkononi, akaanguka. Alikimbizwa hospitali ileile ya mkewe. Dobi alikuwa akikunja shuka alipoitwa, na alipofika alimkuta ameshafunikwa.

"Moyo wake ulikuwa umechoka kwa muda mrefu, mama," daktari alimwambia taratibu. "Hukumwona akihema anapotembea?"

"Tulikuwa hatutembei tena."

Siku za msiba mama mkwe, naye kafiwa na mwana, alimshika mkono. "Mwanangu, usijitie lawama."

"Pale kilimani angesimama, mama. Ningeona."

Bibi yule akamvuta kifuani. Walilia pamoja.

Siku aliyorudi kazini, dobi alikwenda kwa miguu. Majani yalikuwa yameanza kuifunika njia, na hakukutana na mtu wa kumwamkia. Alipofika kilimani, akasimama. Akakaa chini akalia mpaka jua likapanda.

Alifika amechelewa. Msimamizi alimsogezea tu kapu la shuka. Kesho yake akapanda treni. Jirani alimpisha kiti. Akashukuru, akakaa, akageuza uso ili asikione kilima.