Bomba la Karurumo

Kama utacheka, cheka sasa umalize, maana nikianza sitaki kukatizwa. Haya mambo niliyaona mwenyewe, mchana, nikiwa na akili timamu na tumbo limeshiba githeri. Pombe sinywi, na hata wakati huo sikuwa nakunywa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilitoka Meru kufanya kazi na kampuni moja ndogo iliyokuwa ikipitisha kebo za simu chini ya ardhi, upande wa Karurumo. Unajua kebo hupitishwaje? Wengi hudhani huvutwa kwa kamba. Sisi tulizipuliza. Bomba la plastiki likishazikwa, unaweka kompresa upande mmoja, na upepo wake unaisukuma kebo hadi itokee upande wa pili. Lakini kwanza unapuliza kipande cha sponji, uhakikishe hakuna matope ndani.

Mwenzangu Njeru, mzaliwa wa hapo hapo, alikaa kwenye kompresa. Mimi nilikaa kwenye shimo la upande wa pili, nyuma ya kona ya barabara, hatuonani. Redio zetu za mkononi zilikuwa zimeharibika, kwa hiyo mashine ikizimwa tuliongea kwa bomba lenyewe. Niamini, sauti hupita humo vizuri kabisa. Sponji ikitokea, nainama nasema, "Imefika, leta kebo," naye ananijibu.

Watu walisimama kututazama, nasi tukawatania. Tuliwaambia hiyo ndiyo simu mpya, waje wasalimie jamaa zao. Mzee mmoja alimsalimia mwanawe wa Mombasa, na Njeru kule akamjibu kwamba atakuja Krismasi. Tulicheka sana siku hiyo.

Basi, alasiri moja ya Julai, manyunyu na ukungu, sponji imeshatokea, mashine imezimwa, nami nangoja kebo, akaja mama mmoja.

"Hii ndio inapeleka sauti?"

Nikamwambia inapeleka, nikamuuliza anataka kuongea na nani.

"Na mwenye yuko huko mwisho."

Nikacheka, nikamkaribisha. Alinishika mkono ili ainame. Hapo niliona leso yake ni kavu, na mimi nilikuwa nimelowa chapachapa. Miguu yake haikuwa na tope hata kidogo, na udongo mwekundu wa kule haumwachi mtu. Yote hayo niliyaona. Kwa nini sikushtuka? Sijui. Sikuhisi kitu, kama fizi iliyodungwa sindano ya ganzi na daktari wa meno.

Aliongea Kiembu, lugha ya kule. Mimi ni Mmeru, lakini nilimwelewa. Alimwita Njeru kwa jina la binti yake, Baba Muthoni, akamwambia kazi imetosha, warudi nyumbani. Halafu nikamsikia Njeru, kwa sauti ya mtu anayeitwa kula:

"Nakuja."

Mama akaniachia mkono, akaingia kwenye shamba la kahawa, akaenda zake.

Nikangoja kebo. Haikuja. Niliita kwa bomba, kisha nikatoka shimoni. Nilipotembea hadi kwenye kompresa, nilikuta glavu za Njeru zimewekwa juu ya kebo, moja juu ya nyingine. Jioni tulimpata kwake, amelala chini ya migomba kando ya kaburi la mkewe. Alikuwa amekufa. Mimi hata sikujua kwamba alikuwa amefiwa na mke.

Siku ya mazishi sikulia. Nilibeba jeneza na sikusikia uzito wake. Tulipomaliza kufukia, Muthoni, msichana mdogo wa shule, akanijia.

"Ni wewe ulipea mama simu?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Nikamuuliza ameambiwa na nani.

"Mama. Amesema ataitisha simu tena, atuite na sisi."

Nyanya yake, mamake Njeru, alimvuta taratibu akamweka nyuma yake. Aliniambia wajukuu wameshafunzwa: wakiitwa na mtu wasiyemwona, wasiseme nakuja, waulize ni nani, kwa sababu aliyekufa hawezi kujitaja.

"Na Njeru alijua hivyo," akasema. "Nilimfunza mimi mwenyewe."

Je, alisahau, au alitaka kwenda? Nimejiuliza mpaka nimechoka.

Kebo ilipitishwa na wengine, mimi nikarudi Meru. Mkono ule alioushika una ganzi mpaka leo, naweza kuuweka kwenye jiko la makaa nisijue hadi ninuse nyama ikiungua. Mke wangu akiniita kutoka jikoni, namuuliza ni nani, na nyumbani tuko wawili tu. Alikasirika miaka mingi. Siku hizi hujitaja.

Muthoni ni mtu mzima sasa. Hunipigia simu, nami humuuliza ni nani, naye hutaja jina lake na la baba yake kabla ya salamu. Mwezi uliopita simu ililia, sauti ikaniita kwa jina la mtoto wangu. Nikauliza ni nani. Ikanyamaza, lakini haikukata.

Wewe pia, ukiitwa, uliza kwanza. Na usipojibiwa, kaa hapo hapo ulipo.