Mwali wa Mwanakheri na mlango wa Laurean

Saa mbili asubuhi, Mkuza, Kibaha. Laurean kakaa mbele ya kompyuta, hedfoni masikioni, macho kafumba. Dada mmoja aliyefuata picha za pasipoti kasimama mlangoni, kakunja uso.

"Kaka, umelala?"

"Niko kazini, dada. Kaa hapo kwenye benchi."

Hadanganyi. Laurean, miaka thelathini na moja, anatengeneza makava ya nyimbo, ile picha unayoiona kwenye simu kabla hujabonyeza wimbo uanze. Pasipoti na kutoa kopi ndivyo vinavyolipa kodi ya fremu hii ya duka. Kava ni elfu thelathini, na mtu akilia sana, ishirini.

Wateja wengi wanataka sura zao, kubwa, na nyuma gari lisilo lao. Laurean anawabishia. Hachori mpaka ausikie wimbo wote, halafu anauliza: "Wimbo wako una rangi gani?"

"Vijana wa singeli waliniambia una rangi ya hela," anasema huku anacheka. "Nikawauliza, noti ipi?"

Wimbo wa leo umemtoa jasho. Ni wa Mwanakheri, muuza vitumbua wa Kisarawe anayeimba kwenye shughuli za watu. Ndiyo mara yake ya kwanza kurekodi. Ameimba siku za mwali, binti wa Kizaramo aliyevunja ungo, akawekwa ndani kufundwa. Hatoki, haonekani, mpaka siku ya ngoma atakapotolewa kabebwa mabegani.

Laurean kazaliwa Bukoba. Yeye alisikia binti kafungiwa. Basi akamchora: sura wazi, chozi shavuni, anakutazama usoni. Kava likavutia. Mwanakheri akalipenda, akalituma nyumbani.

Aliyepiga simu ni shangazi yake, Maua. Ndiye aliyemfunda, na sauti ya wimbo ule Mwanakheri kaipata kwake.

"Aliniambia, 'Baba, mwali wangu umemtoa nje bila ngoma. Nani kakutuma?'" anasimulia Laurean. "Nikasema shikamoo."

Shangazi akaweka wazi: picha ile ikitoka, wimbo wake hautoki. Mwanakheri hakutaka kugombana naye. Alikuwa tayari kuuacha.

Laurean angeweza kubadilisha picha, akaweka ua, yakaisha. Badala yake alipanda gari mpaka Kisarawe.

Alimkuta Maua uani anamenya muhogo. Hakukaribishwa kiti haraka.

"Kwenu Bukoba mwali mnamkalisha barazani?"

"Hapana, shangazi."

"Basi? Na hilo chozi umelitoa wapi? Sisi humo ndani tulicheka mpaka tukagombezwa."

Laurean akauliza walikuwa wanacheka nini. Kosa la pili hilo.

"Ya ndani hayakuhusu," Maua alimjibu. "Wewe mwanaume, tena mgeni. Chora unachokiona ukiwa nje."

Ndicho anachomalizia sasa hivi. Mlango wa nyumba ya udongo. Kanga nyekundu imening'inia badala ya pazia, imefura kidogo, kama mtu kaipitia kwa ndani. Chini yake vidole vya miguu. Sura hakuna, chozi hakuna. Hata picha ya Mwanakheri haipo, na mwenyewe alinuna kidogo kabla hajakubali.

Anaituma kwa Maua. Anasubiri. Anafuta kioo cha kompyuta ambacho hakina vumbi.

Ujumbe wa sauti unaingia, anaufungulia spika. Ni Maua: "Pazia fupi hilo. Literemshe."

Laurean analivuta mpaka vidole vinapotea. Anatuma tena. Safari hii jibu linakuja upesi.

"Haya. Mwambie Mwanakheri autoe wimbo."

Laurean anapumua. Anasema anachotaka sasa ni ukuta. Kwenye simu kava linakuwa dogo kama kucha, mtu analipita tu. Anataka kuyachapa makava yake makubwa, ayapange nje ya fremu yake, watu wa Mkuza wasimame watazame. La kwanza litakuwa hili.

"Nimechora sura nyingi mno," anasema. "Hakuna aliyewahi kuniuliza kitu."

Dada wa pasipoti kashanyanyuka kwenye benchi. Kainamia kompyuta, kasahau hata kununa.

"Humo ndani kuna nani?"

Laurean anamvalisha hedfoni.