Maneno ya Gredi ya Nne

Jirani yangu Mellen anakausha omena, dagaa wa ziwani, hapa Sori, na kichwa chake ni kigumu kuliko jiwe la kusagia. Nasema hivyo kwa mapenzi. Alipoolewa alikuwa darasa la nne, na mama mkwe wake, marehemu Awuor, alichukua vitabu vyake akawashia moto wa jikoni. "Kitabu hakikaushi omena," alisema, na neno la bibi yule halikuwa la kujibiwa. Mellen akanyamaza, akashika nyavu. Lakini kunyamaza si kusahau.

Mwaka huu madamu Dorine alifungua darasa la ngumbaru katika ukumbi wa kanisa. Ukutani alibandika maneno ya imla, kila gredi na karatasi yake. Sheria ilikuwa moja: hupandi mpaka uandike maneno yote ya gredi yako bila kosa. Mellen alizipita tatu za kwanza mbio mbio, tukadhani atafika chuo kikuu. Ya nne ikamkwama kooni. Akaanguka, akarudia, akaanguka tena. Nilimwambia apumzike, akaniangalia mpaka nikaona haya.

"Mimi nilitolewa darasa la nne," akasema. "Sitoki hapo tena kabla sijamaliza."

Mwalimu wake wa nyumbani ni mjukuu wake Beverly, ambaye pia yuko Gredi ya Nne. Sasa sikia kichekesho: jina la nyumbani la mtoto huyo ni Awuor. Kwetu aliyerithi jina la marehemu hupewa pia heshima yake, kwa hivyo Mellen humwita Maro, yaani mama mkwe, na kumgombeza hathubutu. Akitoka shule, Beverly humkuta bibi yake, ambaye yeye humwita Dani, penye nyavu za kukaushia. Anashika fimbo ya kufukuzia ndege, anataja neno, na Mellen analiandika mchangani kwa kidole.

"Shughuli."

Mellen anaandika kwa s tupu, kama sisi wote tunavyotamka.

"Futa, Dani. Andika tena."

Mimi hukaa kando nikicheka mpaka mbavu zinauma. Ukali wa marehemu haukupungua hata kidogo.

Imla ya mwisho ilipangwa Jumapili mchana. Madamu alikuwa anahamia Migori, na darasa lingefungwa. Siku hiyo omena ilikuwa imejaa nyavu zote, bado mbichi, na wingu jeusi likasimama upande wa Karungu. Omena ikinyeshewa ikiwa mbichi huwa chakula cha kuku. Mellen alikuwa amevaa nguo ya kanisa, kalamu mkononi. Akatazama wingu, akatazama nyavu, akaanza kuvua viatu. Moyo uliniuma. Nilimwona yule msichana wa zamani akirudishwa jikoni.

Beverly akaja na karai kichwani.

"Dani, vaa viatu. Enda uandike. Hii omena nitaanua mimi."

"Hutaweza peke yako, Maro."

"Nimesema enda."

Mellen akarudisha mguu kiatuni. Nilijua ni sauti ya nani aliyoisikia, kwa sababu hata mimi niliisikia. Akainamisha kichwa, kama mke aliyepewa ruhusa na mwenye boma, kisha akashika njia ya kanisani, haraka, bila kugeuka.

Tulianua mimi na yule mtoto, omena yao kwanza, halafu yangu. Mvua ilikuta kapu moja tu nje, na ndilo langu. Nililalamika kidogo, sikukasirika.

Mellen alirudi amelowa chapachapa, karatasi ameificha kifuani. Mimi sikuonyeshwa. Alimwinamia mtoto na kumkabidhi kwa mikono miwili. Madamu alikuwa ameshasahihisha, alama zake nyekundu zilionekana, lakini Beverly hakuzijali. Alipitisha kidole neno baada ya neno, uso ameukaza, na bibi yake akangoja.

"Hakuna makosa," Beverly akasema mwishowe, akamrudishia karatasi. "Kesho nikitoka shule tunaanza ya Gredi ya Tano."

"Ndiyo, Maro," akajibu Mellen, na machozi yakamtoka.